UPINDE HAUTUMWI KAMA BARUA!

Mpenzi msomaji, wiki hii sikupeleki Bagamoyo kula pweza wala Zanzibar kupiga picha ufukweni. Leo twende kwetu Bariadi, kwenye pamba na vumbi lake. Huko nilitumwa kununua kitu ambacho mimi mtoto wa kike sikuwahi kuota kwamba nitatumwa: upinde na mishale. Wee, usicheke. Kaa vizuri nikusimulie.

Yote yalianza saa tano usiku, simu ikalia. Kuangalia, kaka yangu, yaani binamu, mtoto wa shangazi. Huyu bwana alikwenda mamtoni miaka tisa iliyopita na hajarudi hata kwa msiba. Anaishi Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, anapakia mizigo kwenye ghala. Kumbe huko kazini amepata washikaji ambao wikiendi zao zote ni kuwinda kulungu kwa upinde. Wamempeleka uwanja wa kulenga shabaha mara mbili tatu, amenogewa.

"Dada," akaniambia, "msimu wa upinde huku unafunguliwa mwishoni mwa Septemba mpaka mwanzoni mwa Februari. Hawa wenzangu wana pinde za magurudumu. Mimi nataka upinde wa nyumbani, wa babu. Niwaonyeshe Msukuma ni nani!"

Akatuma nauli yangu, akatuma na pesa ya babu. Sasa mtu akikutumia nauli ya kwenda kwenu kula matobolwa bure, utakataa? Mimi sikukataa.

LAMADI MPAKA BARIADI

Kutoka Mwanza unapita Magu, halafu Nyashimo, mpaka Lamadi. Hapo ukinyoosha mbele kidogo unafika lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, na watalii wengi ndiko wanakokimbilia. Sisi wenye mji tunakata kulia, tunashika lami ya Dutwa hadi Bariadi. Ilikuwa Julai, wakati wa kuchuma pamba. Kila mji una kilima cheupe mlangoni, baiskeli zimebeba marobota mpaka dereva haonekani, na barabarani ng'ombe ndio wenye lami, gari linasubiri.

Kwa asiyejua, Mkoa wa Simiyu ni mdogo kwa umri. Umezaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, na Bariadi ndiyo makao yake makuu. Wilaya zake ni Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Upande wa mashariki umepakana na Serengeti na Pori la Akiba la Maswa. Likumbuke pori hilo, tutalirudia.

Stendi nilimkuta shangazi ananingoja juani, mkono umeziba jua usoni. Hata mkoba hajapokea, swali la kwanza: "Kaka yako hajambo? Amenenepa?" La pili: "Hajasema anakuja lini?" Nikamwambia amenenepa. La pili nikalikwepa kwa kuulizia maji ya kunywa.

BABU NA MASWALI YAKE

Asubuhi nikapanda bodaboda kuelekea upande wa Itilima. Babu nilimkuta chini ya mwembe, anasuka kamba. Nikapiga goti. "Mwangaluka, guku." Akaitikia, kisha akaanza utani wake wa siku zote: "Mke wangu umekuja, na tumbaku yangu uko nayo, au umekuja na midomo tu?"

Nikamkabidhi tumbaku, nikamweleza nilichotumwa. Mimi nilidhani ni kama dukani: unachagua upinde, unalipa, unafunga kwenye gazeti, habari imekwisha. Thubutu! Babu akaweka kamba chini, akanitazama.

"Nani atauvuta?"

"Kaka."

"Mkono wake sasa hivi una urefu gani? Jicho lake kali ni la kulia au la kushoto? Anataka kupiga mnyama gani, na atasimama hatua ngapi?"

Nikabaki nimekodoa macho. Akaingia ndani, akatoka na upinde wake mwenyewe. Kisukuma unaitwa buta, na mishale ni masonga. Ulikuwa hauna kamba, umenyooka karibu kama fimbo. Hilo ndilo somo la kwanza, mpenzi msomaji: upinde wa mti ukimaliza kazi unauvua kamba ukapumzike. Ukiuacha umevaa kamba mwaka mzima ukutani kama pambo, mti unazoea kujikunja na nguvu inakwisha. Wewe uliyenunua wa kutundika sebuleni, umesikia?

Nikausimamisha ukanifika kwenye paji la uso. Mti wenyewe ni mkole, umepakwa mafuta ya ng'ombe kwa miaka hadi umekuwa mweusi na unang'aa. Kamba yake ni mshipa wa ng'ombe uliokaushwa na kusokotwa. Babu akauvalisha kamba kwa kuukandamiza kwenye goti, akanipa. "Vuta."

Nikavuta. Msomaji, nilivuta mpaka miguu ikaachana na ndala. Kamba ilifika katikati ya safari ya kwenda shavuni ikagoma kabisa. Mikono ikaanza kutetemeka kama ya mgonjwa wa malaria, nikataka kuiachia tu.

"Usiachie!" Babu aliruka kama kijana. Kumbe upinde ukivutwa bila mshale ukaachiwa hivi hivi, nguvu yote iliyopaswa kwenda na mshale inarudi kwenye mti wenyewe, na unaweza kupasuka mikononi mwako. Nikaurudisha polepole. Babu akacheka mpaka akakohoa. "Mke wangu, kwa upinde huu hata kuku atakusubiri akuhurumie."

SIMU KUTOKA OHIO

Tukapiga simu, nikaweka sauti ya juu. Binamu kusikia sauti ya babu akafurahi, akaanza kueleza wanavyofanya huko. Kwanza ni masomo ya usalama na leseni. Kisha kwenye duka la pinde wanakusimamisha umetanua mikono kama msalaba, wanapima kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, wanagawa kwa mbili na nusu. Yeye alitoka sentimeta 178, kwa hiyo mvuto wake ni kama sentimeta 71. Halafu wanaangalia jicho lipi linatawala. Halafu uzito wa kuvuta. Ohio sheria inataka upinde usiopungua ratili 40, yaani kama kilo 18, na ncha ya mshale iwe na makali mawili na upana usiopungua robo tatu ya inchi. Mwisho wanachagua mshale ambao ugumu wake unalingana na nguvu ya upinde, maana mshale mlegevu kwenye upinde mkali unapinda hewani na kwenda unakotaka wenyewe.

Mimi nilikuwa natafsiri kwa Kisukuma kila alipokwama. Babu anasikiliza, anatikisa kichwa. Mwisho akasema: "Sasa mbona ndiyo maswali niliyokuuliza mimi?"

Kweli! Ndiyo hayo hayo. Babu hajakanyaga darasa hata siku moja, lakini kipimo chake ni kimoja na cha duka la Ohio, ila yeye hatumii futi. Ya jicho alinionyesha pale pale: nyoosha kidole kwenye mti wa mbali huku macho yote yako wazi, kisha funga jicho moja. Kidole kikibaki kwenye mti, jicho lililo wazi ndilo lenye kutawala. Kikiruka pembeni, ni lile ulilolifunga. Jaribu hapo ulipo, mimi ni la kushoto.

Binamu akasifia pinde za magurudumu. Zilibuniwa na Mmarekani wa Missouri, Holless Wilbur Allen, aliyepewa hati ya uvumbuzi mwaka 1969. Ukishauvuta mpaka mwisho, magurudumu yanabeba zaidi ya nusu ya uzito, wewe unatulia na kulenga. Babu akauliza: "Na mkono unajifunza nini?" Simu ikawa kimya kidogo.

SUMU NA WEMBE

Kisha Binamu akaleta hoja iliyompendeza: babu ampakie na ile dawa ya kwenye mishale. Ohio hairuhusu mshale wenye sumu, na babu naye aliruka kimanga kabla sijamaliza kutafsiri. Akasema watu wanafikiri sumu ni ushujaa. Sivyo. Sumu ni kwa ajili ya mnyama mkubwa ambaye mshale peke yake haumtoshi.

Mfano tunao hapa hapa mkoani. Wilaya ya Meatu, upande wa Bonde la Eyasi, wako Wahadzabe, mabingwa wa upinde nchini. Upinde wa mwanamume wa Kihadzabe unahitaji nguvu kama ya kilo 30 kuuvuta, kamba yake ni mshipa wa mnyama, na chembe, yaani ncha ya chuma, mara nyingi ni msumari uliopondwa kwa jiwe au nyundo mpaka ukawa bapa. Hata hivyo kwa wanyama wakubwa wanategemea sumu ya mimea, na kwa ndege wanatumia mshale wa ncha ya mti tu. Kila mnyama ana mshale wake. Mwindaji wa kweli podo lake lina mishale ya namna mbalimbali, kama mfuko wa fundi.

"Kama hakuna sumu," babu akamwambia Binamu, "basi chembe iwe wembe, na wewe uwe karibu. Mshale usio na sumu unaua kwa kukata. Ukiwa butu, au ukiwa mbali, umemtesa mnyama wa Mungu bure, na nyama hupati." Binamu akakiri kwamba hata huko wanafundishwa hivyo: kulungu anapigwa akiwa mita 15 au 20, na ukikosa uhakika huachii.

Babu akanionyesha na jinsi ya kuandaa mshale. Fito iliyokauka anaipitisha juu ya moto, inalainika, anaiuma kwa meno ya pembeni na kuinyoosha, anafumba jicho moja kuangalia kama kuna kona. Nyuma anafunga manyoya ili mshale usiyumbe. Yake ya zamani yalikuwa ya tai. Nikamtonya kuwa hayo hayapandi ndege kirahisi, kwa sababu tai wanalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Akasema ya kanga yanatosha. Hilo nalo nikamwambia tutauliza kwanza, maana wazungu hata unyoya wa kuku wana karatasi yake.

UPINDE WA NINI HASA?

Hapo ndipo nikamuuliza babu swali ambalo sikuwahi kumuuliza: wewe huu umewinda nao nini?

Akasema, "Wezi."

Wale wa umri wangu tunasikia tu. Mwaka 1981 na 1982 Usukumani na Unyamwezini wizi wa ng'ombe ulizidi, watu wanavamiwa na bunduki za vita. Wanavijiji wakajipanga wenyewe, ndiyo ikazaliwa sungusungu. Kila mwanamume kijijini alitakiwa awe na upinde, mishale na filimbi. Mwano ukipigwa, yaani yowe la hatari, huulizi ni nani, unachukua buta unatoka. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Kazi ile ilikuwa na makosa yake pia. Wako waliopigwa na kufukuzwa kwa kuitwa wachawi tu, na babu mwenyewe hilo halipambi. "Upinde ukiwa mkononi mwa mwenye hasira, hauchagui," alisema, akanyamaza.

Kuwinda aliacha zamani. Pori la Maswa si mbali, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haina mzaha: ukikutwa ndani ya pori la akiba na silaha bila kibali, hata hujachokoza sungura, ni kesi. Kuna kijana wa jirani alifungwa kwa mambo hayo hayo, mkewe akabaki na watoto watatu na shamba la pamba lisilopaliliwa. Kwa hiyo babu ana amri yake: upinde wake hauvuki mto kuelekea porini.

Nikawaza, dunia hii. Binamu Mmarekani wa juzi ana leseni ya kuwinda kwa upinde Ohio, na babu mwenye upinde haruhusiwi kusogelea swala aliyezaliwa jirani naye.

DAKTARI WA SAN FRANCISCO

Tena hapa hapa wamewahi kupita. Mwaka 1925 Wamarekani wawili, Saxton Pope na Arthur Young, walifunga safari ya meli kuja Tanganyika kuwinda simba kwa upinde, kwenye nyika hizi hizi za Serengeti kabla hazijawa hifadhi. Walikuja na wenzao wenye bunduki, na ilipokuwa simba amewarukia, risasi ndiyo iliyoamua. Upinde peke yake kwa simba waliuona mdogo.

Kilichonigusa si simba. Pope alikuwa daktari San Francisco. Mwaka 1911 alitokea huko California Mhindi Mwekundu mmoja aliyejulikana kwa jina la Ishi, wa mwisho wa watu wake wa Yahi. Pope akawa daktari wake, wakawa marafiki, na Ishi akamfundisha kuchonga upinde, kutengeneza mshale na kunyatia mnyama. Ishi alifariki mwaka 1916 kwa kifua kikuu. Mchezo huo wa upinde unaopendwa sana Marekani leo, sehemu yake kubwa imetokana na daktari aliyekaa chini miguuni mwa mtu mmoja na kujifunza kabla hajaondoka. Daktari hakuagiza kwa simu.

Nilimsimulia babu habari hiyo jioni, tunakula ugali wa mtama na maziwa mgando. Akauliza, "Huyo mzee alikuwa na wajukuu?" Nikamwambia hapana, alibaki peke yake. Babu akaacha kula.

HUKUMU

Asubuhi kabla sijaondoka tulipiga simu tena. Shangazi naye alikuja kwa bodaboda, amevaa kitenge kipya kama anayekwenda kanisani. Babu hakuzunguka.

"Mjukuu wangu, upinde hautumwi kama barua. Huu wangu nimeuchonga kwa mkono wangu na kifua changu, ukiuvuta wewe utakuumiza au utauvunja. Wako nitautengeneza. Mti nimeshaukata, uko juu ya moshi jikoni, unakauka taratibu. Nitauchonga nusu. Nusu nyingine siwezi mpaka nione mkono wako. Uje nikupime."

Binamu akaanza longolongo. Nauli ghali, likizo fupi, karatasi zake sasa zimekaa sawa lakini kazini... Babu akamkata.

"Pesa uliyotuma nimempa mama yako, anakutunzia. Ongezea nauli. Mti hauna haraka, mimi ndiye mwenye haraka."

Kimya. Nilidhani simu imekatika. Shangazi akaichukua mkononi mwangu, akaisogeza mdomoni kama kipaza sauti, akasema neno moja tu: "Baba." Ndivyo anavyomwita mwanawe tangu utotoni, kwa jina la heshima. Tukasikia mtu anapenga kamasi huko Ohio.

"Nitakuja, mama," akasema. "Wabeja, babu."

Hajataja tarehe, na mimi siwezi kukudanganya msomaji kwamba ameshakata tiketi. Kwenye msimu huu atawinda na upinde wa magurudumu wa kuazima. Lakini tangu siku hiyo amenipigia mara nne, na maswali yamebadilika. Haulizi tena upinde utafika lini. Anauliza mti umekauka kiasi gani, na babu anakohoa bado?

Kwa hiyo wewe uliye mbali, iwe Columbus, Muscat au Dar es Salaam hapo, kabla hujaagiza kitu cha babu, jiulize kama kinaingia kwenye bahasha. Michembe inaingia, na asali inaingia ukiifunga vizuri. Mkono wa mzee ndio hauingii.

Nimerudi Mwanza na furushi la matobolwa na malengelenge mawili kwenye vidole, kumbukumbu ya mkole. Babu ameahidi kunichongea na mimi mdogo wangu, wa jicho la kushoto. Amenipima tayari. Mimi nilikuwepo.

Tukutane wiki ijayo!